Ndizi Alizoomba Bi Zaituni

Shangazi yangu Mabruka huosha maiti. Nalisema mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Jamhuri wakilisikia hurudisha mkono nyuma kabla ya kumwamkia, nami hupenda kuangalia nani ataurudisha. Alizaliwa Kibokoni, Mombasa, akaletwa Nairobi na mumewe, marehemu Ami Mohdhar, aliyekuwa na duka la kanzu na marashi katikati ya jiji, si mbali na Msikiti wa Jamia. Duka liliuzwa zamani. Kilichobaki ni chumba cha ghorofani ambamo shangazi huwasomesha wanawake darasa kila Jumamosi, na ndiyo maana hata watu ambao hajawafundisha kitu humwita Mwalimu.

Mimi naishi naye. Mchana nakaa mapokezi kwenye kliniki ya macho huko Upper Hill, nikivumilia watu wasiovumilika, na mwanamke wa Kiislamu akifariki upande wetu huu wa magharibi, simu hulia nyumbani kwetu. Shangazi huosha, mimi humwagia maji. Sikuiomba kazi hiyo. Mwanamke aliyekuwa akimsaidia alihamia Thika kulea wajukuu, na siku hiyo mimi nilikuwa nimeketi sebuleni nikipaka kucha rangi, basi nikaambiwa, Nadira, inuka.

Kazi hii ina adabu zake, na iliyo kubwa ni kusitiri. Ukiona kovu, alama ya kipigo, au tumbo lililowahi kubeba mimba isiyojulikana na mtu, hutoki nalo nje. Wako ndugu wanaokungoja mlangoni wakikuuliza, hasa wake wenza. Shangazi huwajibu neno moja tu, "Nimeosha," akawapita na ndoo yake. Hata anayoyasema mtu akiwa anakata roho ni amana vilevile.

Lakini kusitiri ni kwa nje. Ndani yake shangazi aliamini kwamba amejua. Aliniambia mara nyingi kuwa mtu anaweza kudanganya kwa ulimi miaka nenda miaka rudi, ila akishalazwa kwenye kile kitanda cha mbao, mwili wake husema kweli na yeye huusikia. Alikuwa na majivuno kidogo hapo. Sikumbishia, kwa kuwa mara nyingi alipatia.

Bi Zaituni alikuwa rafiki yake wa kweli. Alikuwa Mnyarwanda, aliyefika Nairobi muda mfupi baada ya mauaji ya mwaka wa tisini na nne, akapanga chumba Waithaka kwa Waithera, mama wa Kikuyu mwenye nyumba za kupangisha na ng'ombe wa maziwa nyuma ya ua. Zaituni alikuwa akipika chapati na kuwauzia mafundi wa ujenzi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa Mkristo, mwenye jina jingine ambalo hakupenda kulitaja, hadi siku alipopanda ngazi za chumba cha darasa akasema anataka kusilimu. Shangazi ndiye aliyemtamkisha shahada.

Siku ileile, shangazi anasimulia, Zaituni alimuuliza kama ni kweli ya nyuma hufutwa, hata yakiwa makubwa. Shangazi akamjibu kwamba Mungu husamehe kilicho chake, ila haki ya mja mpaka umwendee mja mwenyewe. Shangazi akadhani mwenzake anaogopa kuwa waliowaua watu wake watasamehewa bure, akamshika bega na kumtuliza. Akamwambia asiwe na wasiwasi, wale hawatasamehewa.

Hakika hiyo aliitoa kwenye kovu. Zaituni alikuwa na kovu refu, kuanzia begani hadi karibu na kiwiko cha mkono wa kushoto, na wakitawadha pamoja kabla ya darasa lilionekana wazi. Shangazi alilitazama mara moja tu akalisoma: panga. Zaituni hakusema kuwa ni panga. Hakusema pia kuwa si panga. Basi ikawa kila Aprili, mvua za masika zikianza, wanawake wa darasa wakimaliza kusoma Yasini huwaombea dua watu wa Zaituni waliouawa, naye huinama uso ukiwa mapajani, akilia, na sisi sote tukilia naye. Nami nimelia. Nililia vizuri sana.

Jioni za Aprili shangazi alikuwa akitazama habari za kumbukumbu ya mauaji ya kimbari kwenye televisheni, tasbihi mkononi, na kila mwaka alisema neno lilelile. "Hawa si watu, Nadira. Hayawani. Mimi nikimwona mmoja wao nitamjua, hata avae buibui." Shuleni tuliambiwa kwamba Wahutu na Watutsi walipigana, basi, na hata Waithera, mwenye nyumba, alilieleza hivyohivyo tukienda kwake: kabila hili lilipigana na lile, ikaisha. Kwangu lilikuwa jambo la mbali, la watu wenye nyuso tofauti na zetu.

Jambo moja tu hatukulielewa. Kila Aprili, Waithera alituambia, alikuja mwanamke mmoja wa hukohuko Rwanda kumtembelea Zaituni. Hakunywa chai. Aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango, wakazungumza maneno machache kwa lugha yao, akainuka akaenda zake. Shangazi alisema bila shaka ni ndugu anayekuja kuomboleza naye, akamtia na yeye katika dua.

Mwaka jana Zaituni aliugua ini. Alipelekwa hospitali kubwa, akarudishwa na dawa za kutuliza maumivu, na daktari akatuambia tukae naye. Shangazi hakukubali mtu mwingine amuuguze. Tulikuwa tukienda Waithaka karibu kila siku nikitoka kazini, tukikanyaga tope la njia ile mpaka mlangoni, chupa ya uji kwapani. Zaituni alikuwa amekwisha, macho yamegeuka manjano, lakini akili ilikuwa bado ipo.

Jioni moja alimshika shangazi mkono. "Mwalimu," akasema, "nataka kukuambia jambo la kule kwetu."

"Najua, dada," shangazi akamjibu, akimfunika mkono huo kwa mkono wake. "Yote nayajua. Usijitoneshe."

Zaituni akajaribu tena kesho yake, na siku nyingine tena. Kila mara shangazi alimzuia kwa upole, akamsomea, akampangusa paji la uso. Nilikuwepo nimeshika chupa. Nilimwona Zaituni akigeuza uso ukutani, nikadhani ni maumivu. Nilifikiri, huyu shangazi yangu ana moyo mzuri kiasi gani.

Kisha homa ikampanda, na maneno yakaanza kupotea. Lililobaki ni ndizi. Alianza kuomba ndizi usiku na mchana, kwa Kiswahili, akimtazama shangazi usoni. Ndizi zimeiva, alisema. Zimeiva siku nyingi. Ziko nyuma ya nyumba, zifukueni. Waithera alikuwa na migomba michache nyuma ya zizi, akaenda kutazama, akarudi kutuambia kwamba bado mbichi kabisa. Nikatumwa soko la Kawangware kwenye mvua, nikiwa nimetoka kazini na viatu vya kisigino, nikachagua ndizi zilizoiva vizuri nikilaani moyoni. Shangazi alizisaga kwa maziwa akamlisha kwa kijiko. Zaituni alifumba mdomo kwanza, halafu akaufungua, akameza, na machozi yakamtoka. Tukasema alhamdulillahi, amekula.

Alifariki wiki hiyo, alfajiri. Waithera ndiye aliyepiga simu. "Mwalimu, huyu mama ametuacha," alisema. "Kujeni mapema tu, mvua inakuja." Tukachukua sanda, karafuu maiti, majani ya mkunazi na udi, tukapitia wanawake wa darasa walioweza kutoka. Waithera alikuwa ametoa nyasi za ng'ombe ghalani na kufagia, kitanda cha kuoshea kikawekwa humo, wanawake wakashika leso kuzunguka pande zote ili asionekane na mtu wa nje.

Kabla ya kumwaga maji, shangazi ana desturi. Huwageukia waliopo akawaomba radhi kwa niaba ya maiti, na mwenye kumdai aseme, kwa kuwa deni la marehemu halisubiri. Akasema kama asemavyo siku zote, "Msameheni mwenzenu." Wanawake wakaitikia, tumemsamehe.

"Mimi sijamsamehe," ikasikika sauti mlangoni. "Mimi namdai."

Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwavuli mkononi, rozari shingoni, viatu vimejaa tope. Waithera alimtambua mara moja akatunong'oneza kwamba ndiye yule mgeni wa Aprili, amefika mwezi wake. Shangazi hakushtuka. Deni ni jambo la kawaida. Alinipa ishara nilete pochi yake, akamuuliza dada huyo ni kiasi gani.

"Sidai pesa. Nadai watoto wa dada yangu. Huyu ndiye peke yake aliyejua walipo."

Jina lake Konsolata. Alihadithia akiwa amesimama palepale, bila kupaza sauti, nasi tumeshika leso. Zaituni, ambaye yeye alimwita Valeria, alikuwa jirani wa dada yake, ukuta kwa ukuta, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Walipeana moto na chumvi. Konsolata mwenyewe alikuwa ameolewa Bujumbura, ndiyo sababu akabaki hai. Siku wauaji walipoingia mtaani, dada yake aliwavusha watoto wake wawili wakajifiche jikoni kwa Valeria. Dada na mumewe waliuawa uani kwao. Wauaji walipofika mlangoni kwa Valeria na kumuuliza kama kuna mende ndani, ndivyo walivyowaita Watutsi, aliwaonyesha jiko kwa kidole. Miili ya watoto haikuonekana tena, na kesho yake Valeria alionekana juu ya paa la dada yake akibandua mabati.

Waithera, ambaye naamini alitaka tu kuleta amani ghalani mwake, akamwambia pole mama, lakini hayo ni ya zamani, nyinyi mlipigana huko kwenu, na sisi hapa pia tulipigana yetu, Mungu ndiye anajua.

Konsolata akamgeukia. "Hatukupigana," akasema. "Nani alipigana? Dada yangu alikuwa anaanika maharagwe. Mtoto mkubwa alikuwa ameanza kusoma, mdogo alikuwa bado anakojoa kitandani. Hao walipigana na nani?"

Waithera akaketi juu ya gunia la pumba.

Shangazi alikuwa amesimama kichwani kwa maiti. Alifunua shuka kidogo upande wa kushoto, akauliza kwa sauti ambayo sikuijua kwamba ni yake, je, hili kovu? Konsolata akasogea akalitazama, nadhani kwa mara ya kwanza kwa karibu. Akasema ni bati. Jirani mwingine alilieleza mbele ya baraza la kijiji miaka ile ya kesi za mauaji, kwamba bati liliteleza likamchana Valeria mkono, akashuka akafungwa kitambaa, akapanda tena kumalizia. Wakati wa kesi hizo Valeria alikuwa tayari yuko Nairobi akipika chapati. Konsolata alikuja kumgundua hapa kwa bahati, sokoni, akamfuata hadi Waithaka. Hakumpeleka popote. Alichotaka ni kujua watoto wametupwa wapi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeona, na mtu aliyefungwa au kukimbia tena asingemwambia. Kila Aprili alikaa kwenye kile kigoda akamuuliza swali moja tu, wako wapi, na kila Aprili Valeria alisema hajui.

Nitasema nilivyohisi. Nilitaka kumwaga yale maji chini nirudi nyumbani. Nilikumbuka chapati zake nilizokula, machozi niliyolia, ndizi nilizozitafuta kwenye mvua, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Wanawake wawili watatu wa darasa waliachia leso zao wakatoka nje bila kuaga. Nikamwambia shangazi kwa sauti ya chini tuondoke, wamzike wenye uso wa kumzika.

Shangazi akasema, "Mimina maji, Nadira."

Nikamimina. Konsolata alichukua leso iliyoachwa akaishika yeye, upande uliokuwa wazi. Sijui kwa nini, na sikumuuliza. Shangazi aliosha kama anavyoosha wote, upande wa kulia kwanza, kwa mkono uliofungwa kitambaa, mwili ukiwa umefunikwa. Alipofika mkono wa kushoto, ule mkono wa kovu aliloamini amelisoma miaka yote, akasimama. Mimi niliendelea kumwaga maji mahali palepale mpaka birika likaisha, na yeye bado amesimama. Nilipojaza tena akamalizia. Sanda ikafungwa, wanaume wakambeba, akazikwa makaburi ya Waislamu ya Kariokor kabla ya alasiri. Hakuna aliyetuuliza kitu mlangoni.

Baada ya hapo nyumba yetu ikawa nzito. Shangazi aliacha kwenda darasani. Wanawake wakagawanyika, wengine wakisema wamedanganywa, na mmoja alinipigia simu kazini kuniuliza kama zile dua za Aprili zinaweza kurudishwa, kana kwamba ni nguo za mtumba. Nilimkatia. Waithera naye alikuja Jamhuri na galoni ya maziwa, akatueleza kwamba dada yake alichomewa nyumba kule Bonde la Ufa wakati wa fujo za uchaguzi. "Wale watu walimuita kwa jina," alisema. "Walimwambia toka, Mama Wachira, hatutaki kukuchoma na nyumba. Mmoja alikuwa amekula kwake Krismasi. Mimi nilikuwa nasema ni watu wa kuletwa na lori." Akanywa chai yake, akaenda kukama.

Shangazi hakula vizuri. Nilidhani anaumia kwa kudanganywa, nikamwambia Zaituni ndiye mwenye kosa, alinyamaza akaacha apendwe kwa uongo. Akatikisa kichwa. "Hakunyamaza," akaniambia. "Alitaka kusema. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo." Ndipo nikakumbuka mkono juu ya mkono, na lile neno, najua. Watoto wawili wamelala mahali fulani chini ya udongo, na mtu pekee aliyejua alikuwa ametaka kusema mara tatu, mbele yetu, nasi tukamlisha uji.

Akaniomba nimtafutie Konsolata. Nilijaribu kumzuia, nikimkumbusha adabu yake mwenyewe kwamba ya kitandani ni amana. Hilo lilimsumbua kwa siku kadhaa. Alipekua vitabu vyake, akampigia simu shekhe mmoja Mombasa, na jibu alilopewa hakuniambia. Jumapili moja alivaa buibui akakaa karibu na mlango, nikajua tunakwenda.

Konsolata alikuwa akishona mapazia kwenye kibanda cha mabati Kangemi. Alitupa viti, akaendelea kupinda pindo huku akitusikiliza. Shangazi alimweleza bila kujitetea. Kwamba mwenzake alitaka kusema jambo la kule kwao na yeye akamzuia akidhani anamwonea huruma. Kwamba baadaye homa ilipompanda hakuwataja watoto hata mara moja, alikuwa akitaka kula tu, akiomba ndizi. Kwamba anaomba radhi, na kama hataki kumpa radhi, anayo haki.

Mashine ilinyamaza. "Ndizi gani?" Konsolata akauliza.

Shangazi akasema ndizi tu, zimeiva.

"Alisemaje? Niambie yote, kama alivyosema."

"Zimeiva siku nyingi. Ziko nyuma ya nyumba. Zifukueni."

Konsolata aliondoa mguu kwenye kikanyagio akauweka chini polepole. Kisha akatueleza jambo ambalo kule kwao linajulikana na kila mtoto. Ndizi za pombe hazingojwi ziivie mgombani. Huchimbwa shimo, likapashwa moto, likatandikwa majani, ndizi zikafukiwa humo na udongo juu mpaka ziive, ndipo hufukuliwa. Shemeji yake alikuwa mpishi wa pombe hiyo. Alikuwa na shimo lake nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa Valeria.

Sisi ni watu wa pwani. Ndizi kwetu huiva kwenye gunia, au kwenye mtungi, au huletwa na mtu wa gari. Shangazi alisikia mtu anasema zifukueni akadhani ni homa inayosema. Alipoelewa, alijishika kifua kwa mikono miwili, akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye nyumba za matanga. Nami nikaona kile kijiko cha ndizi na maziwa, na mdomo uliofumbwa, na ule uliofunguka.

Konsolata alisafiri kwenda Rwanda na kaka yake. Hatukusikia kitu kwa muda mrefu. Shangazi alirudi kuosha, kwa kuwa simu hazikomi na waoshaji ni wachache, lakini amebadilika. Akiketi na mgonjwa siku hizi hasemi kwamba anajua. Anangoja. Mgonjwa akianza kusema, shangazi huweka tasbihi chini na kusogeza kiti, hata yakiwa ni maneno ya homa, hata ya kipuuzi, humuuliza, kisha? Huniudhi wakati mwingine, maana tunachelewa kurudi.

Konsolata alikuja Jamhuri mwenyewe, bila kupiga simu. Safari hii alikunywa chai. Alisema nyumba ya dada yake ni kichaka sasa, lakini ukuta wa jirani upo, na shimo lilikuwa pale lilipokuwa siku zote. Watoto walikuwemo. Aliwaosha kwa mikono yake pamoja na wanawake wa kule, kama wafanyavyo kwa mifupa inayopatikana, mmoja mmoja, kisha wakawazika na wenzao. Shangazi akamuuliza waliosha kwa maji gani, ya vuguvugu au baridi, naye akamjibu, wakazungumza hayo kwa muda kama wenye kazi moja.

Nikadhani ameshamaliza. Akaweka kikombe chini.

"Hawakutupwa," akasema. "Walilazwa bega kwa bega, na wamefunikwa. Nguo ya nailoni, haikuoza. Joho la kwaya, la buluu, kola nyeupe. Alilivaa alipoimba kwenye harusi yangu."

Akasema kwamba miaka yote alijitayarisha kuwakuta wakiwa wamekatwakatwa, wamechanganyika na takataka, na hilo angelistahimili. Kile kitambaa ndicho hajui akifanye nini. Mtu aliyenyoosha kidole kuelekea jiko, usiku wake akavua nguo yake ya kanisani akawafunika, na asubuhi akapanda paani. Alisema afadhali asingeliona. Tukamsindikiza hadi getini, na shangazi akakaa nje baada ya yeye kuondoka, mpaka nikamletea kitambaa cha kujifunika.

Mwaka huu Aprili imefika. Darasa limerudi, pungufu, na shangazi aliwaambia wanawake waombee watoto wawili wa jirani wa Zaituni. Kisha akaongeza, na Zaituni pia. Wawili waliinuka wakaondoka. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilibaki nimeketi lakini mikono sikuiinua.

Jioni ile kulikuwa na picha za kumbukumbu kwenye televisheni, mishumaa na majina, na mzee mmoja aliyekuwa muuaji akihojiwa, shati safi, kofia mkononi, akieleza aliyoyafanya kwa sauti ya babu yeyote. Shangazi alikuwa akichambua majani ya mkunazi kwenye sinia. Hakusema neno lake la kila mwaka, basi nikalisema mimi, kwa uchungu niliokuwa nao.

"Hayawani," nikasema.

Hakuinua macho. "Laiti wangekuwa hayawani, Nadira," akasema. "Ningelala."

Aliendelea na majani yake. Kesho yake kulikuwa na maiti Kawangware, mwanamke tusiyemjua.